Namsifu Anaogopa Kutoka Nje

Namsifu ana miaka sita. Leo halali nyumbani. Leo analala msituni na baba yake.

Mahali penyewe panaitwa Mwamba Bapa. Baba alipokuwa mdogo, alipiga kambi hapo na kaka zake. Mpaka leo hachoki kupasimulia.

"Mwamba Bapa ni pazuri, mwanangu! Kuna moto! Kuna magimbi ya kuchoma! Kuna nyota kibao!"

Basi wakapanda mlima. Pu, pu, pu. Baba akafunga turubai kwenye miti, likawa hema. Wakawasha moto. Wakala magimbi. Namsifu akanywa chai kikombe kizima. Akaongeza na cha pili.

"Nenda kakojoe kabla giza halijaingia," Baba akasema.

"Sina mkojo, Baba."

Kumbe anao! Ila moto ulikuwa mtamu, akaona uvivu kuinuka. Akadanganya.

Wakasali. Wakajifunika blanketi moja. Moto ukafifia. Giza likaja, giza totoro.

Halafu, juu ya mti, kitu kikalia.

Kre… kre… kreee… KREEEEH!

Namsifu akajikunyata. "Yesu, nishike mkono. Nishike na huu mwingine."

Sasa mkojo ukambana. Nje kuna giza. Nje kuna kitu. Na ndani kuna blanketi moja tu, la watu wawili. Likilowa, watatetemeka mpaka asubuhi.

Namsifu akabana miguu. Akabana na meno.

Kre… kre… kreee… KREEEEH!

"Yesu, nishike mkono. Nishike na huu mwingine."

Lakini mkojo haukutaka kungoja.

"Baba!"

"Naam, mama."

"Nilikudanganya. Mkojo ninao. Ninao mwingi!"

Baba akacheka. "Haya, toka basi. Ni hapo tu."

"Siendi! Kuna kitu kinalia. Mbona hukuniambia?"

Baba akakuna kichwa.

"Huyo ni perere. Ni mnyama mdogo kama sungura. Anakaa juu ya miti, anaita wenzake. Hana neno na mtu."

"Mdogo kama sungura? Na sauti yote ile?"

"Yote ile ni yake. Nisamehe, mwanangu. Nilikusimulia moto, nikakusimulia magimbi. Perere sikumtaja."

"Wewe ulimwogopa?"

"Tena sana! Nilikuwa nalala katikati ya kaka zangu, nimejifunika mpaka kichwa."

Baba akamshika mkono. Wakatoka wakinyata. Nya, nya, nya. Nyasi zilikuwa za baridi.

Kre… kre… kreee… KREEEEH!

Safari hii sauti ilikuwa juu yao kabisa! Namsifu akafumba macho.

"Yesu, nishike mkono. Nishike na huu mwingine."

Akachuchumaa.

Churururu!

"Umemaliza?" Baba akauliza.

"Bado."

Churururu!

"Na sasa?"

"Bado kidogo, Baba. Usiondoke!"

"Niko hapa. Siendi popote."

Churu… churu… chu.

Juu ya mti, perere kimya. Labda alikuwa anasikiliza.

Wakarudi mbio. Blanketi lilikuwa kavu, tena la joto. Namsifu bado alikuwa anaogopa, ila sasa kidogo. Macho yakaanza kuwa mazito.

"Namsifu," Baba akanong'ona. "Umelala?"

"Bado, Baba."

"Na mimi nimebanwa."

"Si uende?"

Baba hakuinuka. Alivuta blanketi mpaka kidevuni.

Kre… kre… kreee… KREEEEH!

Namsifu akamtazama baba yake. Akaketi. Akavaa ndala zake.

"Haya, twende," akasema. "Nitakusindikiza."

Waliporudi walilala fofofo, wote wawili. Na perere akaendelea kuwaita wenzake.