Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Msichana huyu alikosa vitu vingi. Hakuwa na mkasi wake mwenyewe, hakuwa na subana ya kukinga kidole na sindano, wala hakuwa na kaka mkubwa wa kumtetea akichokozwa. Hakuwa na sauti ya chini. Zaidi ya yote, hakuwahi kuona jambo likamridhisha. Akipewa sindano, tundu lilikuwa dogo. Akipewa nyingine, tundu lilikuwa kubwa. Wenzake wakambandika jina la Haiwezekani, nalo likamganda hata mama yake akimwita kwa jina la kuzaliwa anachelewa kuitika.

Kila siku baada ya vipindi alikwenda kwenye chumba cha ushonaji cha shule, ambako Bi Fundi, mshonaji mstaafu, aliwafundisha wanafunzi watatu. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili alikuwa msichana aliyeitwa Mkasi, kwa kuwa ndiye mkataji. Wa tatu, mvulana wa miguu mirefu aliyekanyaga cherehani kana kwamba anafukuzwa, aliitwa Injini. Chumbani humo palikuwa na sheria moja: anayeleta lalamiko alilete pamoja na jambo la kujaribu. Asiye nalo akae kwenye kigoda cha miguu mitatu mpaka alipate. Haiwezekani alikikalia kigoda hicho hadi sketi yake ikachakaa.

Muhula huo walipata kazi kubwa: makoti kumi na mawili ya wauguzi wa zahanati ya jirani, ya kukabidhiwa Ijumaa. Jumatatu Bi Fundi alimwita Haiwezekani kando.

"Mwanangu, wenzako wamekuja kwangu. Wamechoka. Wanataka uhamie kikundi cha bustani."

"Bustanini kuna wadudu."

"Unaona sasa? Nimewaomba wakuvumilie. Ijumaa makoti yakiisha, wao ndio watakaosema ubaki au uende."

Haiwezekani akarudi kushona. Aliupenda mlio wa cherehani kuliko muziki wowote, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Jumanne Mkasi alitandika kitambaa. Kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Wakataji hukikunja kitambaa cha namna hiyo, uso kwa uso, ili mkasi ukipita mara moja utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Mkasi, kwa haraka zake, alipanga tabaka zote uso juu, kama mtu anayepanga sahani.

"Hiyo haitafaa," alisema Haiwezekani.

"Haya," alijibu Mkasi bila kuinua uso. Tangu waingie, Haiwezekani alikuwa amekwisha kusema kwamba chaki haitafaa, mwanga wa dirisha hautafaa, na Injini amenyolewa vibaya. Mkasi akakata.

Jumatano Injini alimaliza koti la kwanza, akalivaa kulijaribu. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ulimvuta bega nyuma, akawa kama mtu anayejikuna mgongo. Wakaitandaza mezani mikono iliyobaki, wakailinganisha mmoja mmoja. Yote ishirini na minne, pamoja na ile miwili iliyoshonwa, ilikuwa ya kushoto. Kitambaa kilichobaki kilitosha kola na mifuko tu.

Mkasi akaketi sakafuni.

"Si nilisema?" alisema Haiwezekani. "Nilisema haitafaa."

Bi Fundi alivua miwani. "Ulisema, tena ulisema kweli. Lakini siku hiyohiyo ulisema chaki haitafaa, na dirisha, na nywele za mwenzio. Mkasi angejuaje lipi la kusikiliza? Na ulipoliona kosa, ulimwonyesha namna ya kukunja?"

Haiwezekani akatikisa kichwa. "Hapana, Bi Fundi."

"Basi kigoda kile pale."

Akakaa. Mbele yake Mkasi alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa koti, nao wa kushoto. Haiwezekani akaona haya.

"Tutafute wauguzi wenye mikono miwili ya kushoto," alianza. Injini akaangua kicheko, na Mkasi akatabasamu kidogo.

"Hilo la kwanza," alisema Bi Fundi. "Endelea."

Haiwezekani akaokota mkono mmoja, akaugeuza nje ndani, akauvaa kwenye mkono wake wa kulia. Ukakaa sawasawa. "Kumi na miwili tuiache, kumi na miwili tuigeuze."

"Koti moja, mkono mmoja unang'aa na mwingine umefifia?" alisema Injini. "Haiwezekani." Akasikia alichosema, akaziba mdomo.

"Njoo, nafasi ipo," alisema Haiwezekani, akisogea kwenye kigoda.

Injini akajibana pale, magoti yakimgusa kidevu, akafikiri. "Basi na kola tuigeuze. Na mfuko wa kushoto. Itaonekana tumependa wenyewe."

Walishona koti moja, na jioni ile Haiwezekani na Bi Fundi wakalipeleka kwa muuguzi mkuu wa zahanati.

"Shikamoo. Mikono tuliikata vibaya, tukairekebisha hivi," alisema Haiwezekani. "Usipoipenda, tutatafuta kitambaa kingine, ila tutachelewa wiki moja."

"Marahaba." Muuguzi akaligeuza koti huku na huku. "Mbona limependeza? Shoneni."

Ijumaa makoti yalifika zahanati kabla ya saa sita. Bi Fundi akawauliza wale wawili neno lao.

"Abaki," alisema Mkasi. "Ila akiona nakosea, anishike mkono kabla sijakata."

"Na nywele zangu aziache," alisema Injini.

Bi Fundi akamgeukia Haiwezekani. "Jicho lako la kuona kasoro tunalihitaji humu, usilifumbe. Lakini ukimwonyesha mwenzako shimo kisha ukaenda zako, hujamsaidia. Kaa naye mtafute ubao wa kuvukia. Huko ndiko kufanya kazi pamoja."

Wiki iliyofuata muuguzi mkuu alimtuma mlinzi wa zahanati na barua ya kuagiza makoti mengine kumi na manane ya mtindo uleule, akayataka Jumatano. Haiwezekani ndiye aliyeandika majibu: "Cherehani zetu ni mbili, na siku ni chache. Tunaomba tulete tisa Jumatano hii na tisa Jumatano ijayo. Mikono yote tutaikata ya kushoto, kwa makusudi." Mkasi aliomba maneno mawili ya mwisho yapigiwe mstari.

Haiwezekani akalamba gundi ya bahasha, akakunja uso. Wote wakamtazama, wakingoja lalamiko. Yeye akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akalowesha ukingo uliobaki, akaibonyeza bahasha kwa kiganja na kumkabidhi mlinzi wa zahanati, ambaye tayari alikuwa amepanda baiskeli.