Nyumba Aliyoichagua Swafiya

Kila asubuhi huko Chundwa, kazi ya kwanza ya Swafiya ilikuwa kumkimbiza Ridhwani. Mdogo wake huyu alikuwa na miaka mitatu, na miguu yake haikujua kutembea. Ilijua mbio tu. Swafiya alimkamata nyuma ya banda la kuku, akamwosha uso, akamlisha uji, kisha akamkabidhi kwa mama na kushika njia ya chuoni na juzuu yake kwapani. Akirudi, alichota maji, akakuna nazi, na jioni akampembeza Nana, kitoto kichanga, mpaka kikasinzia.

Hakuna aliyemwita Swafiya mvivu. Wala hakuna aliyepata kumwita mwongo, na kwa sababu hiyo baba yake, Athman, aliliamini neno lake bila kuuliza mara ya pili.

Mwaka mmoja katika miaka ya hamsini, Athman aliuza tumbaku yake vizuri, akaamua kuwapeleka wote Amu, yaani mjini Lamu, kwa sikukuu ya Maulidi. Swafiya alikosa usingizi kwa furaha. Mwakani angevaa buibui na kukaa ndani, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuutembea mji kama mtoto.

Walipofika, mama yake, Mwanamkisi, alishukia kwa shangazi yake karibu na forodhani, katika chumba kimoja kilichojaa wageni hadi mlangoni. Palikuwa pa kupumzika tu, si pa kulala. Ilibidi nyumba nyingine itafutwe siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye shida. Mwanamume mgeni hakuingia ndani kwa watu. Alikomea barazani; aliketishwa, akanywa kahawa, akaulizwa habari za mashamba, lakini vyumba vya ndani waliko wanawake hakuviona. Mwanamkisi naye, kama wanawake wenzake wa siku hizo, hakupita mitaani mchana. Basi kazi ya kukagua nyumba ilimwangukia msichana ambaye bado hajawekwa ndani.

"Leo wewe ndiwe macho yangu," Athman alimwambia binti yake wakiwa njiani. "Nyumba ni mbili. Moja ya Bwana Jeilani, anayenunua tumbaku yangu, huko Mkomani. Ya pili ya Bi Barka, mwenzetu wa Chundwa, huko Langoni. Usiniletee habari za mapambo. Tazama maji yako wapi na kama yamefunikwa. Tazama ngazi kama ina mlango. Tazama watoto watalala wapi. Ridhwani unamjua."

"Namjua, baba."

Walianza kwa Bi Barka. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na kila mwaka watu wa Chundwa walifikia kwake bila kulipa kitu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti. Papa mkavu alining'inia jikoni, na harufu yake ilimlaki Swafiya kabla ya mwenyewe. Lakini kisima cha uani kilikuwa na kifuniko cha mbao nzito na jiwe juu yake. Mlango wa nje ulikuwa umekingwa ubao, mtoto asiweze kuuruka. Pembea ya kitoto ilikuwa imekwisha kufungwa, na godoro la sufi limeanikwa juani tangu asubuhi.

"Mwambie mamako nimemwekea uji wa mchele," alisema Bi Barka. "Na wewe usinikunjie pua. Huyo papa ndiye mtakayemla."

Kutoka hapo wakaenda Mkomani. Athman alibaki barazani na Bwana Jeilani, na Swafiya akapokewa na binti wa nyumba, Alawiya, aliyekuwa rika lake. Ndani, Swafiya alisahau kufunga mdomo. Ukuta mzima ulikuwa wa zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo, zilizochongwa kwa chokaa, na katika kila kidaka kulikuwa na sahani ya kichina. Kitanda kilikuwa kirefu hata hupandwa kwa ngazi ndogo.

"Huko kwenu mwalala juu ya nini?" aliuliza Alawiya. "Au mwalala pamoja na mbuzi mpate joto?"

"Tuna vitanda."

"Vya kamba. Najua. Vikikatika usiku, mwadhani ng'ombe amelia."

Maneno yale yalimchoma Swafiya. Kana kwamba mawe ya ukuta humpa mtu akili, na makuti humwondolea.

Uani kulikuwa na birika kubwa lililozama ardhini, lenye kina cha kumfika mtu mzima kifuani. Ukingo wake haukufika hata magotini kwa Swafiya. Ndani visamaki vilizunguka, vile vinavyofugwa ili kula mabuu ya mbu. Birika lilikuwa wazi.

"Kifuniko kiko wapi?" aliuliza Swafiya.

"Baba amezitumia mbao zake kutengenezea rafu. Nyinyi huko mwafunika maji? Yataka kuwatoroka?"

Swafiya akacheka pamoja naye. Aliona haya kuuliza kuhusu ngazi.

Barabarani, Swafiya akiwa bado anaziona zile sahani, baba aliuliza, "Enhe. Maji yamefunikwa kwa Bwana Jeilani?"

"Yamefunikwa, baba."

"Na kwa Bi Barka?"

Hapa Swafiya aliona kwamba uongo mmoja hautatosha. Baba yake angemchagua Bi Barka, mtu wa kwao, hata kwa sababu ndogo.

"Kwa Bi Barka kuna kunguni," alisema. "Nimewaona kwenye godoro."

Athman alisimama. "Kunguni? Kwa Bi Barka?"

"Wengi."

Baba akatikisa kichwa kwa huzuni, akaendelea kutembea. Adhuhuri, msikitini, alikutana na wanaume wawili wa Chundwa waliokuwa wamekuja na watoto. Kwa nia njema akawanong'oneza watafute pengine. Nao wakawanong'oneza wengine.

Jioni, giza lilipoanza kuingia, Mwanamkisi alijifunika akahamia Mkomani na watoto wake. Asubuhi aliliona birika. Akamgeukia Swafiya.

"Ulimwambia babako nini?"

"Nilidhani limefunikwa, mama. Labda wamelifunua kwa kuoga."

"Labda," alisema mama. "Basi utakaa hapa na nduguyo. Mimi namnyonyesha Nana. Usibanduke."

Swafiya akakaa. Ridhwani alilala kifudifudi ukingoni akihesabu visamaki kwa hesabu yake mwenyewe: moja, mbili, tano, moja. Mara mlio wa matari ukasikika kutoka barabarani, na sauti za wanaume wakiitikia.

"Zefe yapita," Alawiya aliita kutoka juu ya ngazi. "Njoo utazame. Au ni mpaka uombe ruhusa kwa mbuzi?"

Swafiya alimwinua Ridhwani, akamketisha mbali na birika, akampa kifuu achezee. Akajiambia atatazama mara moja tu. Akapanda.

Zefe, maandamano ya Maulidi, ilikuwa ndefu. Bendera zilipita, kanzu nyeupe zikapita, watoto wakapita wakiruka nyuma ya matari. Ni kilio cha mama yake kilichomrudisha chini.

Mwanamkisi alikuwa amepiga magoti, maji yamemlowesha hadi kichwani, na Ridhwani kichwa chini mapajani mwake. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Kifuu kilielea katikati ya birika. Alikuwa amejaribu kukitumia kuteka samaki. Mama alimpiga mgongoni, akambonyeza, akampiga tena, huku akisoma dua na kulia kwa pamoja. Swafiya alisimama kama aliyeota mizizi. Hatimaye Ridhwani alitapika maji, akakohoa, akavuta pumzi iliyokwaruza kama msumeno.

Aliishi. Mganga wa zahanati alisema ameokoka kwa bahati, ila kifua kimeumia na kitachukua muda mrefu kupona.

Bwana Jeilani, alipoambiwa, alikunja uso. "Nyumba hii imelea watoto tangu kwa babu yangu," alisema. "Watoto wa mjini hawatumbukii birikani. Wenu hawakuzoea nyumba za watu."

Athman aliinuka barazani bila kumaliza kahawa. "Kweli hatukuzoea, Bwana Jeilani," alisema. "Kwetu maji hufunikwa, na mtoto wa mgeni ni mtoto wetu." Akamwita mkewe na wanawe watoke, akambeba Ridhwani mikononi mwake mwenyewe.

Walizunguka, Mwanamkisi akiwa amejifunika, kwani shida haikungoja giza. Kila nyumba waliyopiga hodi ilikuwa imejaa. Alasiri ilipokwenda, ikabaki nyumba moja tu iliyokuwa tupu katika mji mzima, na wote walijua kwa nini ilikuwa tupu.

Bi Barka alifungua mlango akamwona mtoto mgonjwa. Akawaingiza wote hadi uani, hata Athman. Alimchukua Ridhwani, akamlaza mkekani, akamsugua kifua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alipokwisha ndipo aliponyoosha mgongo.

"Karibuni," alisema. "Lakini tahadharini na kunguni."

Athman aliinamisha kichwa. "Bi Barka, nisamehe. Nilisema nilichoambiwa."

"Umesikia kwa nani?"

Bi Barka alikamata lile godoro la sufi, akaliburuta mpaka uani penye mwanga, akalipindua. Akalipindua tena. "Nionyesheni mmoja," alisema. "Mmoja tu, hata mfu."

Swafiya alihisi macho ya baba yake kabla hajayainua yake.

"Hakuna," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Nimesema uongo. Na birika pia niliona liko wazi. Nilitaka tukae kule kwenye sahani."

Athman hakumpiga. Ingekuwa nafuu kama angempiga. Alikaa chini juu ya mchanga wa uani, akafunika uso kwa viganja. "Mimi mwenyewe nimelipeleka neno lako msikitini," alisema. "Nimemchafua mwanamke wa watu kwa mdomo wangu."

Kesho yake asubuhi alimpeleka Swafiya nyumba kwa nyumba, kila walikofikia watu wa Chundwa. Yeye alibaki nje, Swafiya aliingia peke yake kwa wanawake, akasema, "Nilimsingizia Bi Barka. Nyumba yake ni safi." Baadhi walimwangalia kwa huruma, baadhi kwa dharau. Mmoja wao, Bi Mwanatumu, alikuwa akifua. Hakuacha kufua.

"Sawa, mwanangu, tumesikia," alisema. "Ila sisi tumekwisha kutandika hapa. Na watu wakisema hivi leo na vile kesho, sisi tutashika lipi?"

Hakuna hata familia moja iliyorudi. Mwaka huo uji wa Bi Barka ulichacha sufuriani, na pembea aliyoifunga ilimbeba Nana peke yake. Walipitisha Maulidi yote uani, wakisikiliza matari kwa mbali, na kikohozi cha Ridhwani karibu. Kikohozi hicho hakikumwacha upesi. Miaka mingi baadaye, upepo wa baridi ukivuma, kifua chake kililia.

Siku ya kuondoka, Bi Barka alimwita Swafiya. Alikuwa amesimama katikati ya nyumba, mikono kiunoni.

"Hukunikagulia nyumba yangu," alisema. "Ulipita tu. Basi ikague sasa, mamako asikie. Sema kila unachokiona."

Swafiya alitazama huku na huku. Alitaka kulipa deni lake lote kwa maneno. "Ni nyumba nzuri kuliko zote," alisema haraka. "Haina kasoro yoyote."

"Unaanza tena," alisema Bi Barka.

Swafiya akaanza upya, polepole, akigusa vitu kwa mkono. "Kisima kimefunikwa. Mlango una ubao. Godoro ni safi." Akainua macho. "Paa linavuja kwenye pembe ile. Mvua ikinyesha, mtoto asilazwe hapo. Na kuna harufu ya papa."

Mwanamkisi alishtuka, lakini Bi Barka alitikisa kichwa kukubali.

"Naam. Linavuja, na papa ananuka. Sikuwa na haja ya kusifiwa na wewe, Swafiya. Siku ile kama ungemwambia babako paa langu linavuja, na ukamwambia birika la Jeilani liko wazi, angechagua mwenyewe akijua, na nisingekukasirikia hata angekwenda kwingine. Aliyetumwa kuwa macho ya wenzake hana ruhusa ya kuona anachokipenda tu. Watu wanalaza watoto wao juu ya neno lake."

Akamwelekeza kwa kidevu kule aliko Ridhwani, aliyekuwa amelala na kifua kikipanda na kushuka.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Jina langu litarudi likitaka. Lakini sauti hiyo kifuani mwa nduguyo, kila ukiisikia, ujue ni neno lako."

Swafiya alikwenda akaketi kando ya mdogo wake. Akauburuta mkeka aliolalia Ridhwani, akauondoa taratibu chini ya pembe inayovuja.