Samaki Asiione Njia

Kwenye skrini ya mashine ya ukaguzi chupa ilionekana vizuri, na maji yakaonekana. Samaki hakuonekana.

"Mzee, umesema humu mna samaki?" aliuliza afisa wa ukaguzi.

"Yumo," kinyozi alijibu.

Afisa aliinua pembe ya kitambaa cheusi kilichozungushiwa chupa, akachungulia. Samaki alikuwemo, mwekundu, mnene kama kidole gumba, ametulia katikati ya maji anamkodolea macho. Afisa akatazama skrini, akatazama chupa, akarudi tena kwenye skrini. Alikuwa kijana wa maneno mengi, ametaniana na kila abiria tangu asubuhi, lakini hapo utani ulimwishia.

"Mfunike," alisema kwa sauti ya chini. "Pita, mzee. Pita haraka."

Kinyozi huyu hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Kwenye kibanda chake amenyoa walevi, wagomvi na watoto warusha mateke, na hajawahi kumkata mtu sikio. Ila mwezi huo ulikuwa umemnyoosha. Binti yake wa pekee, ambaye nyumbani walimwita Kipusa, alikuwa akiamka nywele zimelowa chapachapa, zinanuka tope la bwawani, na mvua haijanyesha. Kisha akaanza kuongea kwa sauti nzito ya mtu mzima, akiwaita wazazi wake "wageni wangu." Mwishowe akaacha kula, na mganga alipomwona alisema bila kuficha kwamba wakizubaa watamzika.

"Jini hatoki hivihivi," mganga aliwaambia. "Anahama nyumba moja, anaingia nyingine. Mna kiumbe gani hai humu ndani?"

Hawakuwa na paka wala kuku. Alikuwepo samaki wa Kipusa tu, yule wa kwenye chupa ya sebuleni, na usiku uleule mganga akamhamishia jini humo. Kulipopambazuka Kipusa aliomba mkate na chai, akala mpaka mama yake akalia kwa furaha. Samaki naye akaanza kuogelea kinyumenyume.

"Sasa mpeleke mbali," mganga akamwambia kinyozi. "Panda naye ndege. Kwa basi ataikariri barabara, kwa meli atayakariri maji, halafu atamrudia mtoto. Angani hakuna njia. Ila asione chini! Mfunike mpaka umtumbukize kwenye ziwa la huko. Na asikufie mkononi. Akikosa nyumba, atakimbilia ile aliyoizoea."

Basi kinyozi akafunika chupa kwa kitambaa chake cha kunyolea, akaomba kiti kilicho mbali na dirisha. Dirishani alikaa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima anayekwenda kumwona mjukuu, na tangu ndege ipae mdomo wake haukupumzika.

"Mwanangu, umekumbatia nini hapo kama mtu aliyeiba kuku?"

"Samaki, mama."

"Samaki! Na mbona umemfunika?"

"Anaogopa mwanga."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kinyozi naye akajikuta anatabasamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mvumo wa injini ulikuwa mzito na wa kubembeleza, na yeye alikuwa amekesha kando ya kitanda cha mtoto usiku baada ya usiku. Alijiambia atafumba macho kidogo tu, mikono ikiwa palepale kwenye mfuniko.

Harufu ya tope ndiyo iliyomwamsha.

Kitambaa kilikuwa gotini pake, kimekunjwa vizuri, kona kwa kona, vile anavyokikunja yeye mwenyewe akifunga kibanda. Chupa haikuwepo. Aligeuka, akamwona mwalimu ameishikilia kwa mikono miwili, ameiegemeza kwenye kioo cha dirisha, na nje hakukuwa na wingu hata moja.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kwani kosa gani?" Mwalimu alishtuka. "Si wewe uliyeniomba? Umekunja kitambaa, umenipa chupa, ukasema, 'Mama, mwonyeshe dirishani, anaogopa giza.' Macho umefumba, nikajua ni uchovu."

Kinyozi aliinyakua. Samaki hakumtazama. Alikuwa amebandika jicho kwenye ukuta wa chupa upande wa dirisha, na kila kinyozi alipoizungusha chupa, samaki naye aligeuka, jicho likirudi palepale kwenye mwanga. Akaifunika upesi. Ndipo sauti ilipotoka chini ya kitambaa, nyembamba, karibu na tumbo lake. Ilikuwa sauti ya Kipusa.

"Nimeuona mto, baba," ilinong'ona, na kinyozi akaikaza mikono yake juu ya mfuniko kama anayeziba mdomo wa mtu, lakini sauti ikaendelea bila haraka, ikisema nimeuona mto na daraja lake, na reli inayoufuata mto mpaka kwenye kilima chenye mnara, na nyuma ya kilima nimeyaona mabati ya soko, na ubavuni mwa soko kichochoro chetu, na mwisho wa kichochoro mlango wa bluu, na nyuma ya mlango yule mtoto anakula mkate, ananenepa, ananingoja, baba, njia yote ni nyeupe na sitapotea hata nikitembea nimefumba macho.

"Mwanangu," mwalimu alinong'ona, amejibana kwenye kioo, "hiyo ni simu?"

"Ni simu, mama."

"Simu si tumezima wote?"

Kinyozi akazidi kuikumbatia chupa. Mwalimu akafumba macho, midomo yake ikaanza kwenda kwa dua.

Ndege ilianza kushuka. Chupa ilikuwa imepata joto kama kikombe cha chai. Kinyozi aliinua kitambaa kidogo, na alichokiona kilimkata maini: maji yalikuwa yamepungua nusu wakati mfuniko umekazwa na kitambaa ni kikavu, na samaki amelala ubavu, anatwetea hewa. Akifa, jini ni wa Kipusa. Akiwahi kutupwa ziwani akiwa hai, njia anaijua, na jini ni wa Kipusa vilevile. Kinyozi alitaka kulia kwa sauti mbele ya abiria wote. Alimwona binti yake na kipande cha mkate mkononi, mashavu yameanza kurudi, akajua kwamba hawezi kumrudisha pale alipokuwa.

Anahama nyumba moja, anaingia nyingine.

Alifungua mkanda, akaelekea msalani akiwa ameikumbatia chupa. Mhudumu wa ndege alimwita, "Mzee, tunatua, kaa tafadhali," lakini alishajifungia. Kwenye kioo cha msalani aliona uso wa mtu aliyezeeka asubuhi moja. Akafungua mfuniko. Harufu ya tope ilijaa chumba kile kidogo, taa ikafifia, na samaki akatulia ghafla, jicho limemwelekea yeye. Alifumba macho, akainua chupa, akameza maji na samaki kwa pamoja. Alimsikia akipiga mkia kooni, kisha kifuani, kisha hakumsikia tena.

Mhudumu alipogonga mlango alimkuta amesimama wima, mkavu, mpole, anaomba radhi.

Ndege ilipotua alikuwa ameshapanga kila kitu. Hatarudi. Atatafuta kibanda katika mji huu, atanyoa vichwa vya watu asiowajua, na atawatumia mkewe na binti yake pesa za matumizi. Kipusa atakua bila baba, lakini atakua. Alikaa kwenye benchi nje ya uwanja wa ndege, moyo umempasuka na bado ameridhika, akampigia mkewe.

"Umemaliza?" mkewe aliuliza, pumzi imemkata.

"Nimemaliza."

"Asante, baba Kipusa. Asante. Amekula, amecheza, hata nywele zake ni kavu. Huyu hapa anataka kukusalimia."

"Baba! Unarudi lini?"

Kinyozi alikuwa ameyaandaa maneno. Kazi imepatikana huku, mwanangu. Msikilize mama. Alifungua mdomo ayaseme, na ulimi haukumtii. Alijaribu kuutoa mkono sikioni, na mkono haukumtii. Mdomo ukajisemea wenyewe taratibu, kwa sauti yake yeye mwenyewe, ileile ambayo mtoto aliizoea tangu kuzaliwa.

"Narudi leo hii, mwanangu. Njia naijua."

Akamsikia Kipusa akipiga vigelegele, anamkimbilia mama yake kumwambia kwamba baba yuko njiani.