Osh kwa Lugha Tatu

Jumamosi ile Glenys alioka keki ya limau, akaipeleka kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, mjini Launceston, wanapokutana watu wenye mchezo wa kujitungia lugha. Walikuwa watatu tu: yeye, Noelene na Darryl. Kila mmoja alikuwa na lugha yake, na daftari la maneno yake.

Lugha ya Glenys aliitunga pamoja na bintiye Tilly, mtoto aliyekua bila baba, kabla mtoto hajazama mtoni akiwa na miaka saba. Neno lao la kwanza lilikuwa "osh": njoo nyumbani. Tangu mazishi, Glenys hakuwahi kulitamka; lilibaki daftarini tu, ambamo wenzake walilisoma.

Kwa Noelene, osh lilikuwa maji. Ilitokea tu hivyo. Darryl yeye aliliingiza kwenye lugha yake wiki ile, makusudi.

"Kwangu mimi ni mzoga," alisema.

"Darryl, acha," Noelene alinong'ona.

"Aa, bibi wee, utani tu! Sikieni sentensi ya lugha tatu." Akaita kama anayemwita mbwa. "Osh! Osh! Osh!" Kisha akatafsiri: "Mzoga, toka majini, njoo nyumbani." Akacheka peke yake.

Kisu cha Glenys kilibaki ndani ya keki.

Mlango ukagongwa. Mara moja. Usawa wa kiuno.

Glenys alifungua. Hakuna mtu. Zulia limelowa. Ndipo nyuma yake, pale alipoketi Darryl, akasikia kisauti anachokijua.

"Osh?"

Darryl aliacha kucheka. "Nani kanishika mkono?"

Hakuna aliyemshika.

Jumatatu asubuhi Darryl alimpigia Glenys simu, akinong'ona. "Mwite aje kwako. Nakuomba. Yuko hapa. Ana baridi, hataki kuniachia."

Glenys alikwenda mbio. Akasimama mlangoni kwa Darryl, akaita. "Osh, Tilly. Osh, mwanangu."

Ndani, miguu midogo ilikimbia. Ikaenda mbali naye. Mlango wa bafu ukafungwa. Darryl alipiga ukelele mmoja tu.

Polisi aliowaita Glenys walipovunja mlango, walimkuta sakafuni, nguo kavu, bafu kavu. Daktari angesema baadaye kwamba mapafu yake yalijaa maji ya mto.

Ukutani, usawa wa mtoto wa miaka saba, kidole chenye tope kilikuwa kimeandika: *Osh: baba.*

"Mama, unaijua lugha hii?" askari aliuliza.

Glenys aliutazama mwandiko aliomfundisha mwanawe yeye mwenyewe, na maana mpya ambayo hakumfundisha.

"Hapana," akasema.