Ubani Dukani kwa Fundi Jabir

Kila Jumamosi, baada ya chai, Waridi alikuwa na kazi tatu: kufagia duka la baba yake, kuwasha jiko la makaa na kumtolea babu yake kiti mlangoni. Duka lilikuwa River Road, katikati ya Nairobi. Chumba cha mbele kilijaa redio zilizopasuliwa matumbo, na cha nyuma ndicho walicholala. Babu, Mzee Mabruki, alikaa mlangoni na kikombe cha kahawa, akiwasalimu wapita njia kana kwamba barabara nzima ni yake.

Jumamosi hiyo Waridi alipewa kazi ya nne, ile aliyoililia mwaka mzima. Mama Namalwa, mwenye hoteli ya chai kule Kangemi, alitaka redio yake iongezwe matundu nyuma, ili achomeke waya za gramafoni na muziki usikike mpaka barabarani.

"Toa lehemu ya zamani, safisha, kisha ulehemu waya hizi sita," alisema baba yake, Fundi Jabir, akimkabidhi chuma chenye kichwa cha shaba. "Nikirudi nitavuta waya moja moja. Zikishika zote, chuma hiki ni chako. Ikichomoka hata moja, unarudi kwenye ufagio."

"Nimesikia, baba."

Fundi Jabir akapanda baiskeli kupeleka redio ya mteja Kilimani. Mama alikuwa sokoni. Babu naye akaenda kwa kinyozi, akaacha kahawa nusu kikombe juu ya kiti.

Kutoa lehemu ya zamani hakukumshinda Waridi. Aliigusa kwa chuma cha moto, ikayeyuka, akaipangusa upesi kwa kitambaa. Ikabaki kulehemu. Akageuka kuchukua ulimbo, kile kipande kigumu cha rangi ya asali ambacho fundi hupaka penye waya ili lehemu ishike. Lo! Kopo la ulimbo alikuwa amelisahau ukingoni mwa jiko alipotoka kuruka kamba na wenzake. Lilikuwa limeinama, na ulimbo wote umeyeyukia majivuni.

Baba alikwisha kumwonya juu ya kopo hilo mara tatu. Waridi akaona ufagio ukimwita. Ndipo akakumbuka ubani wa mama, nao una rangi ya asali, nao ni utomvu wa mti. "Utomvu ni utomvu," akajiambia.

Ubani ulipokutana na chuma cha moto ulitoa moshi wa kutosha maulidi mawili. Lehemu ikagoma kutambaa, ikajikunja vidonge vidonge. Waridi akarundika nyingine juu, na nyingine tena, mpaka kila waya ikavaa kilemba. Moshi nao ukatoka mlangoni, ukavuka barabara.

"Hodi!" Alikuwa Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani. "Ubani saa nne asubuhi, kama nyumba yenye msiba? Kuna nini?" Akatazama kiti kitupu na kahawa iliyopoa. Uso ukambadilika. "Mwanangu, ni babu?"

Waridi alifungua mdomo. Akieleza habari ya ubani, itabidi aeleze na ya ulimbo, na chuma ndiyo basi tena. Akainamisha kichwa.

"Innalillahi!" alisema Maalim, akatoka mbio kabla Waridi hajapata sauti. Mlangoni akapishana na Mama Namalwa, aliyekuja kuchukua redio yake, gramafoni kichwani. "Mzee Mabruki ametutoka!" akamwambia.

Mama Namalwa hakuwahi kumwona Mzee Mabruki hata siku moja, lakini hakuwa mtu wa kubania mwenzake machozi. Aliketi sakafuni akalia kwa sauti iliyotikisa redio kwenye rafu. Muuza maandazi wa mlango wa pili akaleta sinia zima, akaliweka na kutoka akijifuta macho. Waridi alitamani ardhi impasukie.

Punde akaingia mzee mmoja, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Alipoona kilio alivua viatu, akaketi kando ya Mama Namalwa.

"Pole, mama. Nani amefariki?"

"Mzee ya hapa! Mabruki!"

Babu akajipapasa kipara. "Maskini! Aliugua?"

"Hata! Ghafla tu. Kahawa yenyewe hakumaliza!"

Babu akakitazama kikombe chake. "Basi nimmalizie," akasema, akakinywa chote.

"Babu!" Waridi akaangua kilio, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo: kamba, kopo, majivu, ubani. Mama Namalwa akafuta machozi, akamtazama mzee juu mpaka chini.

"Kwani maiti ni wewe?"

"Ndivyo ninavyosikia," akajibu Babu, akichukua andazi.

Mara Fundi Jabir akaingia na Maalim aliyemkuta njiani; Fundi anahema, kiatu kimoja kimempotea. Alipomwona baba yake anatafuna aliegemea mlango, akafunika uso, akalia. Waridi hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia. Moyo ulimuuma kuliko kipigo.

Fundi alipotulia, Waridi alirudia kuungama, safari hii mbele yake. Baba akavuta waya za redio. Zote sita zikachomoka. Waridi mwenyewe akaenda kuchukua ufagio.

"Rudi hapa," baba akasema, akitoa ulimbo mwingine sandukuni. "Toa yote. Safisha. Anza upya."

Majirani waliokuja kuzika, ambao sasa walijaa mlangoni, wakabaki kutazama. Waridi akakwangua kila waya mpaka ikang'aa, akapaka ulimbo, na lehemu ikatambaa kama maji. Fundi akavuta. Hazikutikisika. Gramafoni ya Mama Namalwa ilipochomekwa, redio ilipaza muziki mpaka Maalim akaziba masikio.

"Sasa pita duka kwa duka," baba akamwambia, "uwaambie watu babu yako yu hai, na kwa nini walisikia amekufa."

Waridi akaenda, mashavu yanamwaka, Babu akimfuata nyuma kama ushahidi. Waliporudi, Fundi Jabir alikuwa ameshika kile chuma.

"Lehemu haishiki juu ya uchafu, hata uirundike vipi," alisema. "Ungeniambia ulimbo umemwagika, ningekukasirikia dakika tano, yakaisha. Wewe ukaficha, ukanizikia baba yangu." Akamwekea chuma mkononi. "Kosa likitokea, mwanangu, lisafishe kwanza kwa ukweli. Hapo ndipo kazi yako itashika."