Meno ya Mchukuzi

Haya yalimpata binamu yangu na nyumba yake, nami nilikuwa nimeketi kiti cha tatu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Nguo zimeanikwa, redio ya jirani inatangaza mpira. Binamu tulimwita Magego, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza meno bandia katika chumba kilicho nyuma ya zahanati. Kila Jumamosi yeye, dada yake na mimi tulicheza mchezo wa mezani: Magego anasimulia safari, sisi tunakuwa mashujaa wake, dadu inaamua nani anapona. Mazimwi aliyafinyanga mwenyewe, kwa plasta ileile ya kazini.

Siku hiyo alileta jipya. Urefu wa kidole gumba, mgongo umepinda kwa mzigo usioonekana, halina macho, mdomo wazi, fizi tupu.

“Huyu ni Mchukuzi,” alisema. “Ndiye maumivu yenyewe. Ukimshika anakutua mzigo, anamtwika aliye na dadu mkononi, mpaka jua lizame.”

Dada yake, mwalimu wa hesabu, alimwuliza kama wateja wamekwisha hata ameanza kufinyanga vibogoyo.

Tulicheka kidogo tu, kwa sababu ya chumba cha pili. Mle alilala shangazi yangu, mama yao, mwaka wa tatu sasa, ugonjwa ukimla mifupa ya mgongo. Mguno wake ulipenya ukutani siku nzima: miwili mirefu, mmoja mfupi. Baadaye Magego alikiri kwamba alimfinyanga Mchukuzi huku akiusikiliza.

Shangazi alitoka akijikokota na fimbo. Akatutania kwamba watu wazima wenye ndevu bado tunacheza na wanasesere, akatabasamu kwa yale meno aliyotengenezewa na mwanawe, maana meno yake mwenyewe yalikwisha zamani. Akamwokota Mchukuzi amtazame vizuri. Ilikuwa zamu ya Mwalimu. Dadu ilikuwa mkononi mwake.

Fimbo ilianguka. Shangazi alibaki wima.

Mwalimu aliinama taratibu, shavu likagusa meza. Akaguna. Miwili mirefu, mmoja mfupi.

Jua lilipozama, mguno ulirudi chumbani kwa Shangazi. Wote watatu tulikuwa tumemwona Shangazi alasiri ile akifua mapazia na kuimba. Nani angemnyima hayo? Tukakubaliana kupokezana, bila kumwambia.

Jumapili ilikuwa zamu ya Magego. Alimwekea mama yake kile kisanamu kiganjani alipokuwa amejipumzisha, akaenda kujifungia na dadu. Jioni aliukwaruza mdomo wa Mchukuzi kwa ukucha. Fizi hazikuwa tupu tena.

“Hii si plasta,” alinong’ona.

Jumatatu ilikuwa yangu. Nilijificha bafuni, dadu mkononi, taulo mdomoni. Ni kama mtu anakamua nguo mbichi, na nguo ni uti wako wa mgongo. Sikujua kwamba taulo limeanguka. Mlango ukafunguliwa.

Shangazi alisimama pale, kamshika Mchukuzi.

“Huo mguno ni wangu,” alisema polepole. “Nani amekupa?”

Nilimweleza yote. Akapiga magoti, akaninyang’anya dadu, akanisukumia Mchukuzi. Nikakunja ngumi. Akanikunjua vidole kimoja kimoja, kwa nguvu za mtu asiyeumwa popote.

“Shangazi, usi…”

“Mwanangu, maumivu haya nimelala nayo. Najua yanapogeukia. Nyinyi yatawaua. Mshike.”

Nikamshika. Mwili wangu ukatulia. Wake ukapinda.

Alikufa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Hatukuweza kumfungua vidole. Alizikwa na dadu.

Baada ya maziko Magego alimweka Mchukuzi chini ya taa yake ya kazi. Kisha akatufungua midomo. Mwalimu hakuwa na gego moja la chini. Yeye mwenyewe moja. Mimi moja la juu, kushoto. Fizi zilikuwa zimefunga, kama pengo la miaka mingi, na hatukuwa tumehisi chochote. Shangazi hakuwa na jino la kuchukuliwa.

Sisi watatu. Meno matatu.

Magego alihesabu tena mdomoni mwa Mchukuzi. Yalikuwa manne.

La nne lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jeupe, halijawahi kutafuna kitu.

“Hili la utoto,” alisema. “La mbele, chini.”

Mwalimu aliweka mkono tumboni.

“Nilikuwa bado sijawaambia,” alisema.

Binti yake sasa yuko darasa la kwanza. Ana pengo mbele, chini, ambapo jino halijawahi kuota. Hakumkuta bibi yake. Juzi aliteleza kwenye ngazi, goti likapasuka hadi mfupa ukaonekana. Hakulia. Aliketi, akatazama mbele, akaguna.

Miwili mirefu, mmoja mfupi.