Klarineti ya Luka na Samli ya Mama Violeth

Kila jioni, akishawaingiza ng'ombe zizini, Luka hukaa mlangoni na kupiga klarineti. Klarineti ni filimbi ndefu nyeusi ya mti wa mpingo, yenye vibonyezo vya chuma. Luka alijifunza kuipiga ujanani, kwenye bendi ya parokia hapa Ushirombo. Mkewe, Scolastika, hupenda kumtania.

"Baba Violeth, ukirudia tena huo wimbo, ugali utaungua."

"Uache uungue. Si filimbi hii ndiyo iliyokufanya unipende?"

"Nani kakudanganya? Mimi niliwapenda ng'ombe wa kwenu."

Halafu wanacheka wote wawili. Wameoana miaka mingi na bado wanataniana kama wachumba. Mimi jirani yao nikiwasikia huwa nafurahi sana.

Mwezi wa nane mwaka huu, Violeth, binti yao wa kwanza, alikuwa anaolewa. Alikuwa amemwomba baba yake jambo moja tu.

"Baba, siku ya kutoka nyumbani sitaki spika. Unitoe wewe, kwa klarineti yako."

"Nitakutoa mwanangu," Luka alisema. "Hata nikiumwa, nitakutoa."

Siku chache kabla ya harusi, Luka alipanda basi kwenda Kahama kununua mchele na vitambaa. Scolastika akabaki na maandalizi. Alifagia uwanja, akapaka kuta udongo mweupe, kisha akaitazama klarineti. Aliiona imefubaa.

"Maskini, na wewe unakwenda harusini," aliiambia. "Ngoja nikupendezeshe."

Scolastika ni binti wa mpiga ngoma. Alipokuwa mtoto, alimwona mama yake akiipaka ngozi ya ngoma samli ya ng'ombe kabla ya michezo ya baada ya mavuno. Kisha waliianika juani, nayo ikalia vizuri. Basi akachukua samli, akaipaka klarineti juu hadi chini, na kwenye vibonyezo pia. Ikang'aa kweli. Akaianika juani, juu ya banda la kuku, akaendelea na kazi zake kwa furaha.

Luka aliporudi, upepo wa kiangazi ulikuwa umevuma mchana kutwa. Klarineti haikuwa nyeusi tena. Vumbi jekundu lilikuwa limegandia samli. Inzi walikuwa wanaizunguka.

"Mama Violeth! Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi. Nilitaka ing'ae siku ya mwanao."

Luka aliifuta sehemu ya kupulizia, akapuliza. Ikatoa sauti mbaya kama ya mbuzi mgonjwa. Alibonyeza kibonyezo kimoja, kikanasa. Akabonyeza kingine, nacho kikanasa.

"Umeiharibu," alisema. "Violeth nitamwambia nini?"

Scolastika akaanza kulia. Luka aliona machozi ya mkewe, hasira ikampungua, lakini hofu ikabaki. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akachukua chupa ya petroli na kipande cha msasa.

"Nitaisugua mpaka itakate," alisema.

Scolastika alimshika mkono.

"Baba Violeth, subiri kwanza. Mimi nimekosea kwa sababu sikuuliza. Na wewe umeuliza nani? Twende kwa Mwalimu Justa."

Mwalimu Justa ndiye anayeongoza bendi ya parokia, na nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Walimkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo mwalimu," walisema.

"Marahaba. Mwadila!" aliwasalimu kwa Kisukuma. "Mbona mmenuna, na nyinyi ni wenye harusi?"

Scolastika alieleza yote, hakuficha kitu. Mwalimu Justa aliichukua klarineti, akaigeuza taratibu kwenye mwanga. Alitafuta ufa.

"Haijapasuka," mwalimu alisema hatimaye. "Mshukuruni Mungu. Jua la leo lingeweza kuipasua. Mti ukipata joto upande mmoja unavutana. Hii isikae juani, wala karibu na jiko."

"Lakini ngoma ya baba tuliipaka samli, tukaianika," alisema Scolastika.

"Ndiyo, kwa sababu ile ni ngozi. Ngozi hunywa mafuta ikalainika. Mpingo ni mti mgumu sana, haunywi samli. Samli inabaki juu, inashika vumbi, halafu inachacha. Na hapa chini ya vibonyezo kuna vipedi laini vinavyoziba matundu. Vikilowa mafuta, vinanata. Ndiyo maana haisemi."

Luka alimwonyesha msasa na petroli. Mwalimu akagonganisha viganja kwa mshangao.

"Hivyo virudishe ulikovitoa! Msasa unakwangua mti. Petroli inatoa rangi na kuharibu vipedi. Ungemaliza kabisa kazi ya mkeo."

Scolastika alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Luka akainamisha kichwa, kisha akacheka kidogo.

Mwalimu Justa alileta fulana kuukuu ya pamba, iliyofuliwa na kukauka. Aliichana vipande. Kwa kipande kikavu alifuta mti polepole, akibadilisha upande safi kila mara. Samli na vumbi vikatoka. Penye utando sugu alitumia kitambaa chenye unyevu kidogo, kilichokamuliwa sana, akakausha papo hapo.

"Maji yasidondoke," alisema. "Wala usiitie sabuni."

Kisha alichukua brashi mpya ya rangi, ndogo na laini, akatoa vumbi chini ya vibonyezo. Kwenye kila kipedi kilichonasa aliweka karatasi nyembamba laini. Alikibana taratibu, akakiachia, akatoa karatasi. Mafuta yalibaki kwenye karatasi.

"Na hivi vyuma?" Scolastika aliuliza. "Nivisugue kwa majivu, kama sufuria?"

Mwalimu alicheka mpaka mchicha ukamwagika.

"Mama Violeth, jikoni uko vizuri, lakini hapa acha majivu! Vyuma pia ni kitambaa kikavu tu. Jasho la vidole ndilo linalovifubaza. Baba Violeth, wewe ukishapiga unafanyaje?"

"Ninaitundika ukutani," Luka alijibu.

"Na jasho na mate yake? Basi na wewe una lako. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa ndani kikaushe mate, futa nje yote, kisha irudishe kwenye sanduku lake."

"Haitaki mafuta kabisa?" Luka aliuliza.

"Yapo mafuta maalumu ya mti wa namna hii. Hupakwa mara chache, kidogo sana, na yanayobaki juu hufutwa. Lakini aanze fundi wa ala kukuonyesha. Ukiona ufa siku yoyote, usitie gundi. Acha kupiga, umpelekee fundi."

Mwalimu alimpa Luka klarineti ajaribu. Sauti ya kwanza ilikwama. Ya pili ikatoka, nzito na tamu. Scolastika alimkumbatia mwalimu hapo hapo, akamshukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, mwalimu. Wabeja sana!"

Siku ya harusi, Violeth alitoka mlangoni na shela lake jeupe. Luka alitangulia mbele akipiga klarineti. Kila kibonyezo kilifunguka, kila sauti ilitoka. Wanawake walipiga vigelegele. Violeth alitembea nyuma ya baba yake hadi kwenye gari, anacheka huku analia. Kabla ya kupanda alimbusu shavuni.

"Asante baba. Umenitoa."

Gari liliondoka. Luka alibaki amesimama uwanjani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyaficha. Scolastika alimfuata, akaichukua klarineti mkononi mwake, akatoa kitambaa safi mfukoni. Luka alinyoosha mkono akipokee.

"Hapana, Baba Violeth," alisema Scolastika, na yeye macho yamelowa. "Hiki ni cha klarineti. Wewe nitakufuta kwa kanga yangu."

Akaifuta kwanza klarineti, nje na ndani, akailaza kwenye sanduku lake. Kisha akamvuta mumewe karibu.